Kutembelea Mji Mkongwe wa Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa na jamaa wa Bara, wa Pemba, wa Mombasa na walioko ughaibuni kila wanapotaka kuja mjini. Tumeanza na ya msingi, na yale ya nadra yako mwishoni. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma swali la 15, la kupwa na kujaa kwa maji. Mgeni aliyepanga safari yake bila kuijua bahari huishia kuiona nusu ya Zanzibar.

## Kabla hujafunga mzigo

1. Mji Mkongwe ni upi hasa? Ndio Zanzibar yenyewe?

Ni sehemu ya zamani ya Jiji la Zanzibar, kwenye rasi iliyochomoza baharini upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja. Zamani rasi hii ilitengwa na mkono wa bahari ulioitwa Pwani Ndogo. Waliokaa ng'ambo ya maji hayo waliitwa watu wa Ng'ambo, na jina limebaki ijapokuwa maji yalishafukiwa na mahali pake pamepita barabara ya Benjamin Mkapa, ile ya Darajani.

Seyyid Said alihamisha makao yake ya utawala kutoka Muscat kuja hapa kwenye miaka ya 1830 na 1840. Alipofariki mwaka 1856 wanawe waligombea urithi, na mwaka 1861 Zanzibar ikatenganishwa na Oman ikawa na sultani wake. Waingereza waliifanya nchi ya himaya yao mwaka 1890, uhuru ukaja Desemba 1963, na Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Leo jiji hili ndilo makao makuu ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Lakini usije ukidhani unaingia makumbusho. Ndani ya majumba haya watu wanaishi, wanapika, wanaozesha na wanazikana.

2. Siku ngapi zinatosha?

Tatu kamili, ukipenda kuondoka bila majuto: moja ya majumba na vichochoro, moja ya bahari na visiwa vya karibu, moja ya msitu na kusini. Anayekuja asubuhi na boti akarudi jioni ataona Forodhani na Darajani tu, na mji huu uzuri wake uko baada ya alasiri na mapema alfajiri, nyakati ambazo yeye hayupo.

3. Nije mwezi gani?

Fuata upepo kama walivyofuata manahodha. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi: jua kali, joto, bahari safi upande wa mjini. Masika hushuka Machi hadi Mei, mvua nzito, vichochoro hutuama maji na hoteli nyingi za pwani hupunguza bei au hufunga. Kusi huanza hapo na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, na katikati yake, Juni hadi Agosti, ndiyo kipupwe: hewa ya baridi kidogo, usiku unataka shuka. Mvua za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, nazo hunyesha kisha zikakatika.

Kwa anayekuja kutembea kwa miguu ndani ya mji, chaguo letu ni Juni hadi Septemba. Kwa mpenda muziki, Februari kuna Sauti za Busara, na katikati ya mwaka kuna tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF. Siku hizo vyumba hujaa, kwa hiyo weka nafasi mapema. Ukija Julai, ulizia Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi. Kama tarehe zako zinaangukia Ramadhani, soma swali la 19 kwanza.

4. Nahitaji karatasi gani?

Mtanzania: kitambulisho cha taifa au kingine kinachotambulika, na jina la kwenye tiketi liwe hilohilo la kwenye kitambulisho. Kitambulisho hicho usikiache hotelini, maana kwenye makumbusho na hifadhi kiingilio cha Mtanzania ni cha chini sana kuliko cha mgeni, na mlangoni utaulizwa.

Mkenya na Mganda hawahitaji viza, ila waje na pasipoti au hati ya kusafiria. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huweza kuombwa. Wageni kutoka nje ya nchi, pamoja na ndugu zetu waliochukua uraia wa kwingine, tangu Oktoba 2024 wanatakiwa kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Ikate mtandaoni kabla ya safari, uepuke foleni uwanjani.

5. Boti au ndege?

Boti za mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili na hukushusha Malindi, hatua chache tu kutoka mjini. Ndege ndogo huchukua kama dakika 20, lakini kutoka Uwanja wa Abeid Amani Karume bado kuna teksi au daladala. Sisi tunasema boti, walau safari ya kuja. Mji huu ulijengwa uonekane kutoka baharini: minara, kuta nyeupe za Mizingani, majahazi ya Malindi. Anayekuja kwa ndege huingia kwa mlango wa nyuma.

Wakati wa kusi mkondo huchafuka. Kama tumbo lako ni jepesi, kaa ghorofa ya chini katikati ya chombo, kula kidogo na uangalie upeo wa macho, usiangalie simu.

## Ndani ya mji

6. Ni kweli nitapotea vichochoroni?

Utapotea, na hakuna ubaya. Rasi ni ndogo: ukienda upande wowote kwa robo saa utatokea baharini au barabara ya Darajani. Vichochoro havikupangwa kwa rula. Watu walijenga nyumba, na kilichobaki kati ya kuta ndicho kikawa njia, na wembamba wake ndio unaoleta kivuli na upepo.

Ramani ya simu huchanganyikiwa kati ya kuta ndefu. Jifunze badala yake majina ya mitaa: Shangani, Forodhani, Hurumzi, Kiponda, Malindi, Mkunazini, Sokomuhogo, Kajificheni, Vuga. Muulize mzee aliyekaa barazani, "Shikamoo mzee, naomba njia ya Minara Miwili," naye atakuelekeza mpaka umechoka. Minara Miwili ni kanisa la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki. Minara yake huonekana vizuri ukiwa baharini au juu ya paa, na ukishaingia mtaani hupotea kabisa.

Geuza shingo pikipiki inapopiga honi. Hupita humo humo.

7. Papasi ni nani, na nahitaji mtembezaji?

Papasi ni vijana wanaomganda mgeni bandarini na Forodhani wakimuuzia safari, hoteli, teksi na viungo. Wengi si watu wabaya, ni ukosefu wa kazi. Jibu kwa upole, "Ahsante, nimeshapangiwa," usisimame, na usimkabidhi mtu pesa za safari ya kesho barabarani.

Mtembezaji mwenye kibali ana kitambulisho kilichotolewa na Kamisheni ya Utalii. Mwombe akuonyeshe. Kwa siku ya kwanza tunamshauri kila mtu amchukue mmoja kwa saa mbili au tatu, kwa sababu nyumba za humu hazisemi zenyewe, hazina vibao. Patana bei kabla ya kuanza kutembea.

8. Daladala zipo? Nishuke wapi?

Zipo, za uwanja wa ndege ni 505. Za shamba zina namba tatu pia: 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 116 Nungwi. Vituo vya mjini vimekuwa vikihamishwa kutoka Darajani, kwa hiyo muulize mwenyeji wako asubuhi hiyo gari yako inaanzia wapi. Ndani ya Mji Mkongwe hakuna daladala wala hazihitajiki.

9. Nivae nini? Naweza kupiga picha?

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Nguo za pwani zibaki pwani. Watu hawatakutukana, watanyamaza tu na kutazama pembeni, na huo ndio ukali wa Kizanzibari. Kanga moja mkobani hutatua mengi.

Picha za kuta na milango ni halali yako. Za watu, omba. Mwanamke aliyekaa kwenye kizingiti chake yuko nyumbani kwake. Bandari, kambi za vikosi na Ikulu hazipigwi picha. Misikiti iko takriban hamsini katika eneo hili dogo. Asiye Mwislamu asiingie bila kukaribishwa. Ijumaa maduka na ofisi nyingi hufungwa kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana.

10. Nile wapi zaidi ya Forodhani?

Forodhani nenda, usiku mmoja. Bustani ilikarabatiwa mwaka 2009, meza hupangwa baada ya Magharibi, na kuna mishikaki, pweza, juisi ya miwa na ile chapati ya mayai na nyama wanayoiita piza ya Zanzibar. Uliza bei ya kila kipande kabla hakijawekwa jikoni, na chagua meza iliyojaa wenyeji, maana huko samaki hawalali.

Lakini chakula chenyewe kiko mitaani. Urojo mzuri hupatikana alasiri, kwa mama mwenye sufuria moja na foleni ya watoto wa skuli: uji wa manjano wenye ukali wa embe mbichi au ndimu, ndani yake bajia, kachori, viazi, mishikaki, juu chipsi za muhogo na chatini. Mchana ingia hoteli za Mkunazini na Darajani ule wali wa nazi na mchuzi wa papa au pweza. Alfajiri kuna mkate wa kumimina na mkate wa mofa. Usiku tafuta mzee wa kahawa na dele lake, kaa barazani, kula halua au kashata, na usikilize. Pale kwenye kijiwe cha Jaws Corner siasa na mpira hujadiliwa kwa kikombe kimoja cha kahawa chungu, na mgeni anayejua kunyamaza hupokewa.

## Majumba na historia

11. Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, imefunguliwa?

Sehemu ya jengo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha. Tangu hapo imefungwa na kazi ya kuijenga upya imekuwa ikiendelea. Itazame kutoka Forodhani. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa sherehe na fahari, na ndiyo nyumba ya kwanza hapa kuwa na taa za umeme. Ilinusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika saa moja vilivyobomoa kasri la jirani, kisha ikashindwa na maji ya mvua na boriti zilizochoka. Kwa nini majumba haya yanaanguka, tazama swali la 14.

12. Basi nianze na jengo gani?

Ngome Kongwe. Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwaka 1698, juu ya mabaki ya kanisa la Wareno, na kiingilio cha uani hakikusumbui. Kutoka hapo fuata ufukwe wa Mizingani: kasri la Beit al-Sahel, mtini mkubwa ambao chini yake manahodha wa mashua hupatana na abiria, halafu Zahanati ya Zamani yenye roshani za mbao zilizochongwa kama lasi, iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan miaka ya 1880. Geuka ndani uingie Kiponda na Hurumzi. Ukibaki na nguvu, Hamamni kuna mabafu ya Kiajemi ya Sultani Barghash.

Wapenda muziki wana yao. Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, alifundishwa taarab hapa mjini, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kingali hai. Uliza siku yao ya mazoezi. Ni bora kuliko onyesho la hoteli. Wageni wengi huulizia nyumba ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na Shangani pana makumbusho yake madogo.

13. Soko la watumwa Mkunazini: niwapeleke watoto?

Wa umri wa kuelewa, ndiyo, na uwaandae. Soko la hadhara lilifungwa mwezi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa lao juu ya kiwanja hicho. Madhabahu inasemekana imesimama pale ulipokuwa mti wa kuchapia. Uwanjani kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, shingoni wakiwa na minyororo halisi, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Simama hapo kwa muda, usikimbilie picha.

Vyumba vya chini ya jengo la jirani huonyeshwa kama mahabusu ya watumwa. Jengo la juu lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wameihoji simulizi ya vyumba hivyo. Hilo halipunguzi ukweli wa soko lenyewe. Soma maonyesho ya maandishi na picha yaliyomo humo humo. Yameandaliwa kwa uangalifu, na yanawataja wote waliofaidika, Waarabu, Wahindi, Wazungu na Waswahili, na mashamba ya karafuu yaliyokula jasho la watumwa Unguja na Pemba. Biashara ilipofungwa sokoni utumwa wenyewe haukwisha. Amri ya kuufuta hapa ilitoka mwaka 1897.

14. Kwa nini nyumba nyingi zimechakaa, na nyingine zinaanguka?

Hili ndilo swali tunalotamani kila mgeni aulize. Nyumba hizi zimetoka baharini. Mawe yake ni ya matumbawe ya kale, udongo mwekundu umechanganywa na chokaa iliyochomwa kutoka kwenye mawe hayohayo, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti haizidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu: upana wa sebule ya tajiri uliamuliwa na urefu wa mti wa mkoko.

Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa tena. Ukiupaka saruji, maji na chumvi hubaki ndani, jiwe huliwa polepole, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza bila mtu kuona. Paa likivuja mvua moja ya masika, kazi imeanza. Ongeza tangi la maji lililowekwa juu ya sakafu isiyolijua, nyumba moja iliyogawanywa familia sita, na kodi ndogo isiyotosha fundi. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa na wenyewe wakaondoka, na kwa miaka mingi hakuna aliyejiona anawajibika na paa. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985 kwa sababu hiyo, na hakuna anayeruhusiwa kubomoa au kupiga saruji bila kibali. Utekelezaji ni habari nyingine, na inatuuma.

Milango ndiyo iliyosalia vizuri zaidi, kwa kuwa ni mbao ngumu na ni fahari ya nyumba. Wenye tao juu na misumari ya shaba ni mtindo wa Kihindi. Wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi na aya ya Kurani, ni wa Kiarabu na wa wenyeji. Angalia mfaa, ule mhimili wa katikati, fundi huweka huko ustadi wake wote, na nakshi za pembeni: mnyororo, samaki, yungiyungi. Usiguse rangi wala usigonge misumari. Kama unataka kusaidia, lala katika nyumba ya wageni iliyokarabatiwa kwa chokaa na uliulizie hilo unapoweka nafasi.

## Bahari, mafungu na misitu

15. Maji kupwa na kujaa yananihusu nini?

Yanahusu kila kitu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: tofauti ya kina kati ya maji makavu na maji makuu hufika takriban mita 4. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu.

Hesabu ya wavuvi ni rahisi. Siku za bamvua, bahari ya Unguja hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake. Anayefuata kalenda ya Kiislamu anajua bila kuuliza: karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni bamvua, karibu na saba na ishirini na mbili ni maji mafu.

Kwa hiyo: mafungu ya mchanga na matembezi ya miamba, asubuhi ya bamvua. Kuwatazama vijana wakijitupa baharini kutoka ukuta wa Forodhani, jioni ya bamvua. Ukienda Paje au Jambiani maji yakiwa yamekauka, bahari imekimbia zaidi ya kilomita, na kinamama wako huko kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza pwani hiyo mwaka 1989. Ni mandhari kubwa, ila usitarajie kuogelea mpaka maji yarudi. Na usiende mbali pekee yako: maji hurudi kwa kuzunguka nyuma yako kwanza, kwenye mabonde, kabla hayajafika miguuni.

16. Mandhari ya maajabu yako wapi? Sioni milima.

Huioni kwa kuwa haipo. Kilele cha Unguja ni Masingini, nyuma ya Bububu, takriban mita 120, msitu mzuri unaohifadhi chemchemi za maji ya mji. Anayetafuta vilima na mabonde ya kijani avuke Pemba. Hapa mandhari imelala chini: miamba ya matumbawe, mafungu yanayotokea na kuzama, mikoko, mapango. Jua huzama baharini mbele ya Forodhani kwa kuwa mji unatazama magharibi, na majahazi hupita mbele yake. Panda juu ya paa la nyumba ya wageni saa kumi na mbili jioni, subiri adhana za Magharibi zianze msikiti mmoja baada ya mwingine.

17. Changuu, Nakupenda, Bawe, Chumbe: nichague kipi?

Nakupenda ni fungu la mchanga mbele ya mji. Huonekana maji yakipwa na huzama yakijaa, kwa hiyo rudi swali la 15 kabla ya kulipia. Changuu ina jela iliyojengwa miaka ya 1890 ambayo haikufunga wafungwa bali ilitumika kama karantini, na kobe wakubwa ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Usiwapande, usiwanyanyue. Vyote viwili huendewa kwa mashua moja kwa nusu siku. Hakikisha kuna majaketi ya kuokolea kwa kila mtu, na watoto wavalishwe kabla ya kung'oa nanga.

Chumbe ni hifadhi ya matumbawe tangu 1994, ina mnara wa taa wa mwaka 1904 na idadi ya wageni ina kikomo. Ni ghali, na ndiyo matumbawe mazuri kuliko yote karibu na mji. Bawe ilijulikana zaidi kwa kuogelea.

18. Jozani inafikiwa bila gari la kukodi?

Ndiyo, kilomita 35 hivi kutoka mjini, gari za 309 na 310 hupita langoni. Kiingilio hujumuisha mwongozaji. Kima punju, mwenye mgongo mwekundu na manyoya meupe usoni, asili yake ni Zanzibar pekee duniani. Hula majani machanga, na wakati mwingine huiba makaa majumbani, yanayomsaidia kupunguza sumu ya majani hayo. Msitu wenyewe, wa mitondoo mikubwa, husimama ndani ya maji masika yakikolea, kwa hiyo viatu vya kufunga. Ng'ambo ya barabara, Pete, kuna daraja la mbao ndani ya mikoko: nenda maji yakiwa yamejaa. Ukitoka hapo na kuingia tena chumbani kwako mjini, tazama boriti za dari.

## Hali za pekee

19. Nikija Ramadhani?

Njoo, lakini njoo ukijua. Mchana hakuliwi, hakunywewi wala kuvutwa sigara hadharani, hata kama hufungi. Hoteli za wageni huhudumia ndani kwa pazia, mikahawa mingi ya mitaani hufungwa. Baada ya futari mji hufufuka: Darajani hujaa tambi, kaimati na vitumbua, na watu hutembea mpaka daku. Sikukuu ikiingia, watoto na nguo mpya hujazana Mnazi Mmoja jioni nne mfululizo.

20. Mama yangu hawezi kupanda ngazi. Aje?

Aje. Omba chumba cha chini kwa jina, kwa sababu ngazi za majumba haya ni za mbao, zimesimama wima, na lifti ni nadra. Gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo chagua nyumba iliyo karibu na barabara: Shangani, Vuga au Mizingani. Njia ya ufukweni kutoka Forodhani hadi mtini ni tambarare, na baraza za mawe zipo za kupumzikia kila hatua chache.

21. Naweza kurudi na karafuu, makombe, mlango wa kale?

Pakiti za viungo za dukani, bila shaka. Karafuu kavu kwa magunia, hapana: mnunuzi wake halali ni shirika la serikali, ZSTC, na kusafirisha nje ya utaratibu huo ni magendo. Makombe ya bahari, matumbawe na magamba ya kasa viache vilipo. Mlango wa kale usiuguse hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa, maana umeng'olewa kwenye nyumba ya mtu. Mafundi wapo wanaochonga mpya, hata nakshi za kijisanduku au za fremu ya kioo, na hao ndio wa kuwapa kazi. Mfuko wa plastiki usije nao, umepigwa marufuku huku na Bara.

22. Babu yangu alizaliwa Mji Mkongwe. Nitapataje nyumba yao?

Anza na wazee wa familia kabla ya safari: jina la mtaa wa zamani, msikiti aliosali, jina la baba na la babu yake, kazi yake. Bila jina la mtaa utazunguka bure. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, zina mafaili ya Kiarabu na Kiingereza ya tangu enzi za masultani, na watafiti hupokewa kwa kibali. Kama nyumba iliwekwa wakfu, jambo la kawaida sana humu, ulizia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Kisha nenda mtaani kwenyewe baada ya sala ya alasiri, na mtu wa hapo akutangulie. Piga hodi, jitambulishe kwa ukoo, na useme mapema kwamba hukuja kudai. Familia inayoishi humo huenda imekaa miaka sitini na hofu yao ni ya haki. Wakikukaribisha ndani, vua viatu.